Tahadhari: Usimfuate Mwenzako Shimoni

Mwenye kazi ya kuzibua karo, kusafisha tangi au kuchimba kisima asimteremshe mtu kabla ya kusoma haya. Wa kwanza huangushwa na hewa chafu. Wa pili na wa tatu hufa kwa kumfuata wamwokoe. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaofia sehemu kama hizo ni waokoaji.

Tope la karo likivurugwa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Ikifika kiasi cha sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, pua huacha kuinusa. Fundi hudhani harufu imeisha, kumbe sumu ndiyo imezidi. Kisimani, pampu ya petroli ikiwashwa humo chini hujaza kaboni monoksidi, ambayo haina harufu kabisa. Msitegemee mshumaa: unaweza kuwaka vizuri penye sumu, na penye methani ukalipua shimo. Kitambaa puani hakizuii gesi wala hakiongezi oksijeni.

Baada ya msiba husemwa marehemu alikuwa mzembe. Siikubali kauli hiyo. Nani alipatana bei isiyo na kipima gesi ndani yake? Nani alijenga karo lenye mdomo mwembamba hata aliyezimia hatoki? Kibarua anayelipwa kwa shimo, na watoto wanamsubiri nyumbani, atasubirije hewa ipimwe? Na akisema kazi isimame, nani atamsikiliza? Kofia na buti hazijibu maswali hayo. Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zimeweka wajibu kwa mwajiri, si kwa kibarua peke yake.

Gari la majitaka likiweza kunyonya, asiingie mtu. Ikilazimu kuingia, hewa ipimwe, shimo lipulizwe hewa safi, na vipimo viendelee hadi mtu atoke. Anayeshuka afungwe mkanda wa mwili wenye kamba iliyoshikwa na winchi juu. Mdomoni akae mwangalizi asiye na kazi nyingine, asiyeruhusiwa kushuka hata aliye chini akiwa ndugu yake. Kimoja kikikosekana, ahirisheni.

Mwenzako akianguka bila kamba, usishuke. Pulizeni hewa safi ndani, zuieni watu, na kwa Tanzania pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.