Anachochukua Msafiri Mwilini

Ilipozama meli ya MV Spice Islander I baina ya Unguja na Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, maiti walilazwa katika viwanja vya Maisara ili jamaa zao wawatambue. Wako waliozikwa bila ya kutambuliwa.

Hata hivyo, hadi leo wapo wananchi wanaokifungia Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi sandukuni kama hati ya shamba, kikingojea siku ya uchaguzi. Wengine hukichukua, lakini hukitia ndani ya begi. Na chombo kikipinduka, begi hushika njia yake.

Kitambulisho kikae katika mfuko wa nguo iliyovaliwa, kimezungushiwa nailoni, pamoja na karatasi yenye jina la shehia na nambari ya simu ya jamaa. (Simu ikilowa haimtajii mtu jamaa zake.) Mwenye maradhi ya sukari aandike na dawa anazotumia. Tochi ndogo na firimbi hazina uzito. Sauti ya aliyemo majini huchoka upesi, na firimbi husikika mbali kuliko ukelele.

Watendaji wa bandarini nao wasidhani kuwa hawamo. Kukata tiketi si kuhesabu watu. Majina ya abiria yaandikwe kwa kutazama vitambulisho, watoto wachanga wakiwemo, na nakala ya orodha ibakie nchi kavu kabla kamba hazijafunguliwa.