Video ya Mangi Meli inatuhusu na huku Meru

Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi pamoja na wenzake 18, akiwamo Mangi Lobulu wa Meru. Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani.

Mwaka 2018 wasanii wa Tanzania na Ujerumani walitengeneza "Mangi Meli Remains", video ya michoro inayotembea. Ilionyeshwa Berlin, kisha Old Moshi kwenyewe. Mtazamaji wa Berlin hujifunza historia. Wa Old Moshi anatazama msiba wa ukoo wake usio na kaburi. Septemba 2023 vipimo vya vinasaba vilitambua fuvu la Akida, mshauri wa Meli. La Meli halikupatikana.

Na Lobulu? Video yake hatujaiona, si Sombetini wala Poli, na wazee wanaosimulia habari zake wanazidi kupungua.