Ya Kale ni Dhahabu, na Dhahabu Hupimwa

"Ya kale ni dhahabu," husema watu, na sisi hatuikatai methali hiyo. Tunalolikataa ni kuifanya kifuniko cha hatari. Wapigaji wa gitaa la besi wa Marekani na Ulaya hutafuta sana amplifaya kuukuu, yaani vyombo vya kukuza sauti vya miaka ya 1950 na 1960, vyenye valvu za kioo ndani yake. Na kwa kuwa kwaya nyingi za kwetu nazo sasa zina gitaa la besi, neno hili latuhusu sisi pia. Wapo waalimu wa uongo katika jambo hili, nao hufundisha hivi: chombo cha kale kisiguswe, kiachwe vile vile kilivyotoka kiwandani, hata waya wake, hata plagi yake, maana aliyebadili kitu kimoja amekiharibu chote. Mafundisho haya twayapinga, wasomaji wapenzi, kwa sababu yaweza kumwua mtu.

Tuanze kwa haki. Vyombo hivi vyastahili sifa. Mwaka 1951 kampuni ya Fender ya California ilitoa gitaa la besi liitwalo Precision, na mwaka 1952 ikatoa amplifaya yake, Bassman. Everett Hull, mpigaji wa ile besi kubwa ya kusimama, alitia maikrofoni ndani ya mguu wa besi yake, na katika kazi hiyo likatoka jina la kampuni ya Ampeg. Mwaka 1960 Ampeg ilitoa B-15, iliyobuniwa na Jess Oliver, ambayo sehemu yake ya umeme hupinduliwa ikafichwa ndani ya sanduku wakati wa safari. James Jamerson wa Detroit, ambaye besi yake husikika katika sahani nyingi za Motown, alikuwa nayo. Mwaka 1969 ikaja SVT, yenye wati 300 na valvu 14, pamoja na sanduku la spika 8 za inchi 10. Mtu apendaye kuvisikia vyombo hivi si mjinga. Sauti yake ni nene na yenye joto, na mbao na transfoma zake zilifanywa na watu waliojua kazi.

Lakini tuulize: ni kitu gani ndani ya chombo kilichofanywa kidumu, na ni kitu gani kilichofanywa kichakae? Mwenye nyumba hubadili makuti, wala hapana mtu asemaye kwamba nyumba si ile ya baba yake. Vivyo hivyo ndani ya amplifaya mna kapasita, vichupa vidogo vya bati vilivyotiwa ute wa dawa, na kazi yake ni kuutuliza umeme usitetemeke. Ute ule hukauka kwa miaka. Mafundi wengi huhesabu miaka 15 hadi 20, kisha hubadili. Kapasita iliyokauka huleta mngurumo usiokoma, na sauti ya besi hulegea. Basi yule asemaye kwamba aziacha kapasita za mwaka 1960 ili asikie sauti ya 1960, ajua kweli anachokisikia? Asikia uchakavu, naye auita urithi. Tena kapasita ikipasuka au ikipitisha umeme ovyo, yaweza kuiunguza transfoma, na hiyo ndiyo iliyopasa kutunzwa.

Hilo ni hasara ya mali. Liko kubwa kuliko hilo. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ile zilikuwa na plagi ya miguu miwili tu, pasipo waya wa ardhi. Badala yake palikuwa na kapasita moja ndogo, iliyounganisha umeme wa ukutani na chasisi, yaani kile kitako cha chuma. Kusudi lake lilikuwa kupunguza mngurumo. Mafundi wa Marekani wameipa jina la kutisha: kapasita ya mauti. Sababu ni hii. Ikiharibika, chasisi yote hujaa umeme wa ukutani. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi kwa waya. Mpigaji azishika nyuzi kwa mkono, kisha ainama aimbe, na midomo yake yagusa maikrofoni iliyounganishwa na ardhi. Hapo mwili wake wawa waya.

Je, twatisha watu bure? Tarehe 3 Mei 1972, huko Swansea katika Uingereza, mpigaji gitaa Leslie Harvey wa kikundi cha Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani, mbele ya watu, alipogusa maikrofoni isiyounganishwa vema na ardhi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme, kwa kosa la namna hiyo hiyo la waya wa ardhi. Hatusemi kwamba vyombo vyao vilikuwa kuukuu. Twasema kwamba mlango wa mauti ni ule ule, na hawa wasemao "usiguse kitu" wauacha wazi.

Wapinzani wetu wana hoja tatu. Ya kwanza, kwamba bei hushuka chombo kikibadilishwa. Twajibu: fundi atoe vile vya zamani, avitie katika bahasha, avirudishe kwa mwenyewe pamoja na karatasi ya kazi iliyofanywa. Mnunuzi wa kesho atapewa vyote, naye atafurahi kukuta chombo kilicho salama. Ya pili, kwamba waya mpya huharibu sauti. Waya wa ardhi haupitishi sauti hata chembe, bali humlinda mtu. Ya tatu, kwamba fundi ni ghali. Hii ndiyo hoja ya kweli, nasi twajibu kwa kweli: asiyeweza kumlipa fundi asinunue amplifaya kuukuu. Ziko mpya, nyepesi, zisizo na valvu, nazo zafaa kabisa kwa kwaya. Si aibu. Rahisi ni ghali.

Basi anayeazimu kununua na afanye hivi. Asinunue jina. Atazame nyuma na ndani, au amtume fundi atazame. Transfoma na spika za Marekani mara nyingi zina tarakimu zilizopigwa: za kwanza hutaja kiwanda, kama 220 kwa Jensen na 606 kwa Schumacher, kisha zifuatazo hutaja mwaka na juma. Kwa hizo atajua kama muuzaji asema kweli. Anuse, maana transfoma iliyoungua hunuka. Chombo kilicholala miaka mingi kisichomekwe ukutani mara moja kwa kujaribu. Fundi mwangalifu hukiamsha kwa kuupitisha umeme kwanza katika balbu, na balbu ikiwaka kwa nguvu ajua mna kosa ndani. Kisha plagi ya miguu mitatu ifungwe, waya wa ardhi ukazwe katika chasisi kwa skrubu yake peke yake, na ile kapasita ya mauti iondolewe.

Kwetu liko neno jingine. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Marekani yataka volti 117 au 120, nasi Tanzania twatumia 230, na Kenya 240. Kuichomeka hivi hivi ni kuiunguza. Yahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye nguvu kupita wati zilizoandikwa nyuma ya chombo, tena ipitishayo na waya wa ardhi. Hata hivyo isifungiwe mahali pasipo hewa, kwa kuwa umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa nukta badala ya 60, na transfoma ya Marekani hupata joto zaidi.

Utunzaji wake si mgumu. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika, na spika ziwe na omu zile zilizoandikwa, kwa maana transfoma yake ya kutoa sauti yaweza kufa. Ikizimwa, iachwe ipoe kabla ya kubebwa. Isikae juani wala penye unyevu. Wala mtu asiye fundi asiingize mkono ndani, hata kama plagi imetolewa, maana kapasita huweza kushika umeme wa volti zaidi ya 400 baada ya kuzimwa. Katika SVT hukaribia 700. Na juu ya yote, mtu asikate mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mngurumo. Anayefanya hivyo ameuondoa mlio na kumwacha nyoka.

Tumesema ya kale ni dhahabu. Sonara hupokea dhahabu kwa kuipima, huitia motoni, huondoa taka, na iliyobaki ni dhahabu zaidi kuliko mwanzo. Mwenye amplifaya kuukuu na afanye kama sonara. Kijana atakayesimama mbele yake Jumapili na nyuzi za chuma mkononi ni mtoto wa mtu.