Intaneti Inapokatika Nyumbani: Nani wa Kulaumiwa?

Katika kambi moja ya polisi jijini Kampala, mke wa sajini alikuwa amekwisha kuamua kwamba mpwa wa mumewe arudi kwao Masindi. Kijana huyo alikuja kusubiri nafasi ya chuo, akaleta kompyuta yake ya mkononi. Tangu siku alipofika, kompyuta ya mezani ya mama ilianza kukatika intaneti. Hiyo ndiyo kompyuta anayoandikia hesabu za chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, na ndiyo ambayo watoto huizunguka kila Jumamosi saa mbili usiku ili waonane kwa picha na baba yao aliye kazini mbali. Jumamosi mbili mfululizo baba aliita, asiitikiwe.

Ushahidi dhidi ya kijana ulionekana kamili. Alipofungua kompyuta yake, ya mama ilikosa mtandao. Alipoizima, na ya mama ikazimwa na kuwashwa upya, mtandao ulirudi. Jirani mmoja alisema kijana anamaliza data, mwingine akasema ameweka programu ya kuvuta mtandao wote upande wake. Kijana aliapa kwamba hakufanya lolote, lakini ni nani angemsadiki? Jumamosi ya tatu, mchana, begi lake lilikuwa limesimama karibu na mlango.

Binti mkubwa wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, alifika likizo siku hiyohiyo. Kabla ya kusema neno juu ya begi, alichukua simu yake, akaiunganisha na ruta ya nyumbani, akafungua ukurasa wa habari. Ukafunguka mara moja. Simu ya mdogo wake nayo ilifanya kazi. Hapo maneno ya majirani yalianguka, kwa maana data ikiisha, huisha kwa nyumba nzima. Ruta haiwezi kuwa na data kwa simu ikakosa data kwa kompyuta ya mezani. Jambo la kwanza la kujua, basi, ni kama vyombo vyote vimekatika au kimoja tu. Ajabu ni kwamba watu wengi hawaliulizi. Hukimbilia kuchoma sindano katika kitundu kidogo cha nyuma ya ruta, wasijue kwamba kitundu hicho hufuta mipangilio yote pamoja na neno la siri. Kuzima umeme wa ruta na kuuwasha tena ni jambo jingine, halina madhara.

Yafaa kueleza kidogo jinsi nyumba inavyogawana njia moja. Kampuni ya simu huipa ruta njia ya kutokea nje. Ndani ya nyumba, ruta hufanya kazi kama karani wa kikosi: kila simu na kila kompyuta inayoripoti hupewa namba yake, na barua zinazotoka nje hufikishwa kwa kufuata namba hizo. Mara nyingi namba za nyumbani huanza na 192.168. Waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996 ulizitenga kwa matumizi ya ndani tu, kwa hiyo namba ileile yaweza kutumika katika maelfu ya nyumba bila madhara, maana haitoki nje ya mlango. Lakini katika nyumba moja vyombo viwili havipaswi kuwa na namba moja, kama vile askari wawili wasivyoweza kuwa na namba moja ya jeshi siku ya mshahara.

Binti alitazama namba za kompyuta zote mbili. Katika Windows hupatikana kwa kufungua dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig. Ya kijana ilikuwa 192.168.1.10. Ya mama ilianza na 169.254, nayo ni namba ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe inapokosa namba halali. Ikionekana hiyo, hakuna haja ya kulaumu kampuni ya simu, kwa sababu chombo hicho hata kwa karani hakijafika.

"Mama," binti aliuliza, "siku inapokatika, nani huwa ametangulia kufungua?"

Mama alifikiri. Akakumbuka kwamba Jumatano moja alitangulia yeye, na siku hiyo wote wawili walifanya kazi mpaka usiku. Hilo hakuwa amelitia maanani, kwa kuwa halikupatana na kosa la kijana. Akakumbuka pia maandishi madogo ya Kiingereza yanayotokea pembeni ya kioo anapowasha, ambayo huyaondoa upesi ili aanze kazi. Maandishi hayo yalikuwa yakimwambia kwamba kuna kompyuta nyingine yenye anwani kama yake.

Chini ya meza kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na fundi aliyeiweka kompyuta hiyo miaka kadhaa iliyopita. Juu yake aliandika kwa kalamu: 192.168.1.10. Fundi aliipa namba ya kudumu kwa mkono, pasipo kumwarifu karani. Wakati ule nyumba ilikuwa na simu mbili tu, na ruta, iliyokuwa ikigawa namba kuanzia 2 kwenda juu, haikuwahi kufika 10. Miaka ikapita, simu zikaongezeka, ikaja televisheni, kisha akaja kijana na simu na kompyuta yake. Asubuhi moja, kompyuta ya mama ikiwa imezimwa, ruta iliona namba 10 haina mtu, ikampa mgeni. Tangu hapo aliyetangulia kufungua ndiye aliyeishika.

Marekebisho hayakuchukua dakika tano. Binti aliiondoa ile namba ya mkono, akaiacha kompyuta ya mama iombe namba kwa ruta kama vyombo vingine. Ikapewa 192.168.1.13. Kisha akahakikisha kwa amri iitwayo ping, ambayo wasomaji wa kikosini watapenda kujua kwamba ilizaliwa jeshini: Mike Muuss aliiandika Desemba 1983 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, mtandao wa huko ulipokuwa unamsumbua. Aliiita kwa mlio wa chombo cha manowari kinachopeleka sauti majini na kungoja mwangwi wake.

Ping hutumwa kwa hatua, kuanzia karibu kwenda mbali. Binti alianza na ruta yenyewe, 192.168.1.1, ikajibu. Akaendelea na 8.8.8.8, namba ya huduma ya Google iliyo wazi kwa watu wote tangu 2009, nayo ikajibu. Mwisho akaandika jina la tovuti. Laiti ruta ingejibu na namba ya nje isijibu, kosa lingekuwa katika laini au data, na hapo ingefaa kupigia kampuni simu. Laiti namba ingejibu na jina lisijibu, kosa lingekuwa katika daftari la kutafsiri majina kuwa namba, ambalo hubadilishwa katika mipangilio ya ruta. Ruta yenyewe ikikataa kujibu, kinachotazamwa ni waya, au mahali ilipowekwa. Wakaao katika unipoti wanalijua hili: ukuta wa bati huzuia mawimbi, na ruta iliyo katika unipoti moja huenda isisikike katika ya pili hata kama ni hatua kumi tu.

Mtandao ulio hai lakini mzito ni ugonjwa mwingine. Huo hutafutwa kwa kuzima vyombo vyote na kuvifungua kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni kompyuta inayopakua marekebisho ya Windows kimyakimya, au simu inayopandisha picha za harusi.

Saa mbili usiku kompyuta zote mbili zilikuwa wazi. Baba aliita, akaonekana, watoto wakasukumana mbele ya kioo. Baada ya salamu aliuliza begi lililoonekana nyuma yao karibu na mlango ni la nani. Mama aligeuka, akamwambia kijana alirudishe chumbani, kisha aje akae karibu naye amsalimu mjomba wake.