Tuache Kupeleka Nyumbani Masanduku Yasiyofunguka

Mimi ni muuguzi, si injinia. Shahada yangu ni ya uuguzi, na kazi yangu ni ya wodini hapa Uingereza. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia neno "midoli".

Katika kikao cha chama chetu cha Watanzania tulikuwa tunajadili kontena la vifaa vya hospitali la kupeleka nyumbani. Nikapendekeza sehemu ndogo ya mchango inunue bodi za maikrokontrola, sensa na vyuma vya kuchomelea kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi. Kaka mmoja akanijibu, "Dada, tusiwapelekee watu midoli, tuwapelekee mashine." Watu wakapiga makofi, ajenda ikapita. Basi nisikilizeni hapa.

Hizo mashine tunazopeleka zinaishia wapi? Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya hesabu za vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Yaani karibu vifaa 4 katika kila 10. Sababu walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, wa usimamizi na wa miundombinu.

Mimi mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani nilifanya kazi katika hospitali ambayo stoo yake ilijaa pampu za dawa za msaada. Mojawapo ilikufa kwa sababu ya betri ya ndani tu. Skrubu zake zilikuwa za kichwa ambacho hakuna bisibisi pale mjini ya kukifungua. Kitabu cha ufundi hakikuja nayo. Na hata ungefanikiwa kuifungua, ilidai namba ya siri ya fundi wa kampuni. Betri, ndugu zangu! Kitu ambacho kijana wa kutengeneza redio Kariakoo angekimaliza kabla chai haijapoa.

Sasa tutazame hicho kinachoitwa mdoli. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, katika chuo cha usanifu, na ilijengwa juu ya kazi ya Mkolombia Hernando Barragán aliyekuwa mwanafunzi hapo hapo. Waanzilishi waliitoa michoro yake wazi: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuinakili, kuibadili na hata kuuza bodi yake, ilimradi asitumie jina lao. Ndiyo maana bodi za mfano huo zinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

Nitawapa mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Muuguzi yeyote wa kliniki ya watoto anajua kwamba friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi, chanjo inaharibika. Ikiganda, chanjo kama ya pepopunda au ya homa ya ini B inapoteza nguvu, na kwa kutazama kichupa tu si rahisi kujua. Nilitaka kijisanduku cha kurekodi joto usiku na mchana kwa betri 3 za kawaida. Nikaanza na Arduino Uno. Inakula kama milimampea 45 hata ikiwa haifanyi lolote, kwa hiyo betri za milimampea-saa 2000 haziipeleki hata siku 2.

Chipu yenyewe, ATmega328P, haina ulafi huo. Ikilazwa usingizi inahitaji maikroampea chache tu. Walafi ni wapambe wake: kitaa kinachowaka saa zote kuonyesha bodi iko hai, kidhibiti volti, na chipu ya kuzungumza na kompyuta. Basi nikahamia bodi ndogo ya Pro Mini ya megahezi 8, ambayo haina hiyo chipu ya kompyuta. Nikakitoa kitaa, nikanyanyua kidhibiti volti, nikaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Programu inaiamsha kila baada ya dakika 10, inasoma sensa ya DS18B20, inaandika, inarudi kulala. Kwa baiti 1 kila kipimo, kumbukumbu yake ya kilobaiti 1 inatosha vipimo vya wiki nzima. Na betri ambazo zingekwisha ndani ya siku 2, sasa uhai wake unahesabiwa kwa miezi. Sikununua kipande hata kimoja cha ziada kufanya mabadiliko hayo. Nilipunguza tu.

Lakini kidhibiti kikiondoka, mlinzi ameondoka. Chipu hiyo mwisho wake ni volti 5.5. Ukiichomekea betri ya volti 9 kama zamani, umeiua. Kwa hiyo anayebadili analazimika kujua kila kipande kiliwekwa pale kwa sababu gani kabla ya kukitoa. Kijana aliyefanya hivyo mara 20 kwa bodi za bei rahisi, akaua mbili tatu, haogopi tena kufungua pampu, na anajua pia wakati wa kutoifungua. Fundi wa namna hiyo hatoki ndani ya kontena.

Najua jibu lenu: mgonjwa si wa kufanyia majaribio. Nakubali kabisa, maana ni mimi ninayesimama kitandani pake usiku. Kijisanduku changu hakichukui nafasi ya vipima joto vilivyothibitishwa na WHO, na sitamfunga mgonjwa mashine niliyoiunda mezani kwangu. Lakini pampu iliyokufa stooni inamlinda nani? Muuguzi anayehesabu matone ya dripu kwa macho, wodi nzima peke yake, ndiyo usalama huo?

Wengine watasema michoro wazi ni ukarimu wa wenzetu, siku moja utakwisha. Ni kweli kwamba mwaka 2025 Qualcomm ya Marekani ilitangaza kuinunua Arduino. Lakini michoro iliyokwisha kutolewa kwa leseni huru hairudishwi kabatini. Hiyo ni sababu ya kuanza sasa.

Na tazameni wenyeji wa huku tunakoishi. Uingereza, tangu Julai 2021, kanuni zinawadai watengenezaji wa friji, mashine za kufulia na televisheni watoe vipuri kwa modeli mpya. Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha mwaka 2022 sheria ya haki ya kutengeneza viti vya magurudumu vya umeme. Wao wanadai haki ya kufungua mashine ya kufulia nguo. Sisi tunapewa pampu ya hospitali iliyotiwa kufuli, tunapiga na picha nayo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Napendekeza masharti matatu kwa kila kontena linalobeba jina la Watanzania wa ughaibuni.

Kwanza, hospitali iulizwe inahitaji nini, na fundi wake awepo wakati wa kuamua, siyo mganga mkuu na mbunge peke yao.

Pili, isipakiwe mashine yoyote bila kitabu cha ufundi, namba za siri za matengenezo, betri ya akiba na vipuri. Mfadhili akikataa kuvitoa, aambiwe asante na abaki na mashine yake.

Tatu, shilingi moja katika kila kumi inunue bodi, sensa na vyuma vya kuchomelea kwa vyuo vinavyofundisha mafundi wa vifaa tiba, kama DIT pale Dar es Salaam. Na wanafunzi waruhusiwe kuziunguza, maana bodi isiyoruhusiwa kuungua itafungiwa kabatini na mkuu wa idara.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, na atuambie pia pampu alizopeleka yeye ziko wapi leo.

Naomba kuwasilisha.