Mashuhuri ni Nani, na Shahidi Wake ni Nani?

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani, lakini naona yawafaa watu zaidi kuliko mali. Mtu akifa bila kuandikwa, wajukuu watamkumbuka, vitukuu watalisikia jina lake, na baada ya hapo atakuwa kama hakuzaliwa.

Siku hizi hesabu hiyo imepata karani mpya. Naye ni Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Mwanafunzi wa Kwale akitaka kujua fulani alikuwa nani, hamwendei mzee, hutazama simu. Asipomkuta humo, hudhani kuwa fulani hakuwa mtu wa maana.

Karani huyu ana masharti mawili. La kwanza, anayeandikwa wasifu awe mashuhuri. La pili, umashuhuri huo uthibitishwe na maandishi ya watu wasio jamaa zake wala waajiriwa wake: vitabu, magazeti, majarida ya wataalamu. Wasifu usio na ushahidi huo waweza kufutwa, na juu ya jambo hili waandishi wa kamusi hiyo hawaishi kuvutana.

Hapa Kenya twaujua mvutano huo. Mwaka 2010 kundi la muziki la Just A Band lilitoa wimbo wenye picha za shujaa wa kubuni aitwaye Makmende. Vijana wakamwandikia ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza, ukafutwa zaidi ya mara moja. Vyombo vikubwa vya habari vya ng'ambo vilipomtaja, ukurasa ukaachwa. Tazameni ajabu hii: mtu ambaye hakupata kuzaliwa ana wasifu kwa kuwa aliandikwa magazetini, na mwalimu wa chuo aliyesomesha Kurani miaka 40 huko Msambweni hana, kwa kuwa hakuna mwandishi wa gazeti aliyepiga hodi kwake.

SHARTI LENYEWE SI BAYA

Wako wasemao kuwa masharti haya ni dharau ya Wazungu. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2005 mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alizuliwa katika kamusi hiyo hiyo kuwa aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy, na uzushi ule ukakaa miezi minne pasi na kuondolewa. Mahali ambapo kila mtu aweza kuandika, hapana budi pawe na bawabu mlangoni.

Na sisi Waislamu tungekuwa wa mwisho kumlalamikia bawabu huyo. Wanavyuoni wa hadithi hawakupokea neno mpaka waulize: umelisikia kwa nani, naye alilisikia kwa nani? Je, walikutana? Ni mkweli? Hifadhi yake ni nzima? Kwa ajili hiyo wakaandika wasifu za wapokezi kwa maelfu. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, aliwatengea wanawake sehemu nzima ya Tabaqat yake.

Walakini iko tofauti kubwa. Wanavyuoni wetu waliuliza, "Umepokea kwa nani?" Wikipedia huuliza, "Limechapishwa wapi?" Hapo ndipo penye kasoro. Wino haugeuzi uwongo ukawa kweli, wala kweli haigeuki uwongo kwa kuwa imetoka kinywani.

MIFANO YA KUSINI

Tumchukue Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi. Hapana abishaye umashuhuri wake, kwani alipigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, akakimbilia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Taarifa za maofisa waliomwandama zimehifadhiwa Uingereza, na humo yeye ni mwasi. Aliyepigana na Mwingereza ana ushahidi, ila shahidi wake ni adui yake. Na jirani yake aliyesuluhisha watu bila kufyatua risasi hana hata shahidi huyo.

Ama Vumba, mwaka 1900 ofisa wa Kiingereza, A. C. Hollis, alichapisha makala juu ya historia ya mji huo. Habari zile alizipata kwa wenyeji, naye akaziandika. Tangu siku ile ni rejea ya wataalamu. Mzee wa Wasini akizisema leo kwa kinywa chake, bawabu atamwambia hizo ni hadithi za barazani. Maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu.

Lakini lawama zote tusizitupe ng'ambo. Mwaka 1972 Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha kwa Kiswahili kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, na nani akamsomesha. Mwaka 1989 kikatoka kwa Kiingereza, na leo wasomi wa vyuo vikuu hukitegemea. Sheikh hakungoja kuandikiwa. Je, ni wangapi waliomfuata Diani, Msambweni na Vanga? Nani ameandika juu ya mafundi wa sengenya, manahodha, na wanawake watunzi wa nyimbo za harusi?

Sisi tukiandika, huandika sifa: marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, kipenzi cha wote. Hiyo ni dua njema, lakini si wasifu. Hamna mwaka, hamna mwalimu wake, hamna kazi aliyoiacha. Ushahidi wa namna hiyo hata Ibn Saad angeuweka kando.

Basi rai yangu ni hii. Kila msikiti na kila madrasa iwe na daftari. Kijana akae na mzee, arekodi sauti yake, aandike jina la msemaji, siku, mahali, na vipi alivyojua. Kisha amwulize wa pili na wa tatu, na wakihitilafiana, aiandike hitilafu yao. Magazeti nayo yachapishe habari hizo, maana nafasi wanayopewa wanasiasa kila siku yatosha kumweka mwalimu mmoja kwa wiki. Nao wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili, ambao ni wenzetu, waikubali sauti iliyopatikana kwa masharti haya, kwani hiyo ni isnadi. Atakayesema kuwa sauti yaweza kughushiwa, tumjibu kuwa hata karatasi hughushiwa, na dawa ya yote mawili ni shahidi wa pili.

Wazee wetu hawatangoja kanuni zibadilike. Simu ya kurekodia kijana anayo mkononi. Na aanze na mzee aliye nyumbani kwao.