Mkonga wa zamani kwa safari za kila siku: nafuu mnadani, ghali mpakani

Wafanyabiashara wengi wa miji ya mipakani, kutoka Namanga na Mutukula hadi Kasumulu, wanaamini kuwa Land Cruiser ya zamani ndilo gari la kununua mtu anapochoka kukodi. Gari hilo, ambalo Tanzania limepewa jina la mkonga kutokana na bomba lake la kuvutia hewa, limejengewa sifa na kazi lililofanya migodini, katika mbuga za wanyama na kwenye misaada ya wakimbizi. Mashirika yanapopiga mnada magari yao yaliyotumika, wanunuzi hawakosekani.

Hata hivyo, kupita kwenye matope mara mbili kwa mwezi ni jambo moja, na kutembea kila siku ni jambo jingine. Anayetoa mtaji wa biashara yake kununua gari la umri huo anapaswa kupiga hesabu mbili kabla ya kulipa: sheria ya nchi atakakolisajili, na kilomita atakazotembea kwa mwezi.

Umri wa gari ni suala la forodha

Nchi za Afrika Mashariki zina umoja wa forodha, lakini kuhusu umri wa magari kila nchi ina msimamo wake. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na hukataa magari yenye usukani wa kushoto isipokuwa machache ya kazi maalumu. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, inazuia magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Tanzania haikufunga mlango, lakini gari la abiria lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kutokana na umri wake. Magari ya kazi, kama pikapu, yana kiwango cha chini zaidi.

Maana yake ni kwamba mkonga wa miaka ya 1990 unaouzwa Arusha hauwezi kuvushwa ukasajiliwe Nairobi au Kampala kama bidhaa nyingine. Mnunuzi asikubali maneno ya dalali kwamba "mambo yatarekebishwa mpakani". Aelewe pia kuwa forodha hukadiria kodi kwa thamani iliyo katika kumbukumbu zake, si lazima kwa bei iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Gari lililouzwa kwa bei ya kutupa linaweza kudaiwa kodi inayozidi bei hiyo.

Kuna pia suala la usukani. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita upande wa kulia, na mengi ya magari ya misaada yanayouzwa Goma au Bujumbura yana usukani wa kushoto. Dereva wa gari hilo akiingia barabara za Tanzania au Uganda, akitaka kulipita lori hulazimika kuchomoza gari lote ndipo aone mbele. Kwa anayesafiri kila siku, hiyo ni hatari ya kila siku.

Hesabu ya barabarani

Mkonga mwingi uliopo sokoni una injini ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, isiyo na turbo. Mafundi wanaipenda kwa sababu ni rahisi kutengeneza na inavumilia. Lakini gari ni zito, na kwa kawaida hutembea kilomita 7 hadi 9 kwa lita moja.

Kwa mfano, anayetoka Arusha kwenda Namanga na kurudi hutembea zaidi ya kilomita 200. Kwa kilomita 8 kwa lita, atatumia lita 25. Gari dogo la kilomita 14 kwa lita litatumia lita 14 hivi. Kwa siku 26 za kazi tofauti inakaribia lita 280 kila mwezi. Barabara hiyo yote ni ya lami, na uwezo wa kupanda milima ambao mnunuzi ameulipia hautumiki.

Si mafuta peke yake. Kwa mwendo huo gari linafikisha kilomita 5,200 kwa mwezi, hivyo oili, zaidi ya lita 9, humwagwa karibu kila mwezi. Mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000 utafikia zamu yake kabla ya miezi 20. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, vali huharibika na safari huishia hapo, mzigo ukiwa ndani.

Kabla ya kulipa

Rangi mpya isimdanganye mnunuzi. Aingie chini ya gari na kugonga chesisi kwa nyundo, hasa kwa magari yaliyokaa pwani au yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagwa chumvi. Aliwashe likiwa limepoa: moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweusi mzito ni dalili ya nozeli au pampu iliyochoka. Ajaribu gia ya nguvu, kwani kwenye magari mengi haijaguswa kwa miaka.

Kisha alinganishe namba ya chesisi na kadi ya gari, na kupata uhakiki wa polisi kuwa gari halitafutwi. Magari ya aina hii huibwa na kuvushwa mipaka, na likikamatwa aliyenunua kwa nia njema hupoteza gari na fedha. Baada ya hapo, anayevuka mpaka atahitaji kibali cha muda cha forodha na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000.

Pamoja na hayo yote, mkonga haujapoteza soko. Vipuri vyake vinapatikana Kariakoo, Kirinyaga Road mjini Nairobi na Kisekka mjini Kampala, na lililotunzwa huuzika tena bila kushuka bei sana. Anayefuata minada ya mifugo au mazao kwenye barabara za vumbi ambako gari dogo hukwama wakati wa masika, hasara ya siku moja ya mzigo kulala njiani inaweza kuzidi tofauti ya mafuta ya mwezi. Huyo ana sababu ya kununua.

Anayetembea lamini kila siku, fedha yake itafanya kazi zaidi ikibaki kwenye bidhaa.